Kapteni Ng Hakuwapo

Filamu ya Aloha iliingia kwenye kumbi za sinema za Marekani mwishoni mwa Mei 2015. Ndani yake yumo rubani wa kike wa Jeshi la Anga aitwaye Allison Ng, na kapteni huyu hachoki kuwaambia watu yeye ni nani. Robo yake ni Mhawaii, robo Mchina, na upande wa mama ni Msweden. Anamwambia mgeni aliyepewa kumsindikiza, na anarudia hata pale ambapo hajaulizwa. Anaamini mizimu ya visiwa vile, anaimba pamoja na wenyeji, na anajua ni wapi mgeni apige hodi kabla ya kukanyaga. Aliyepewa nafasi hiyo ni Emma Stone, mzaliwa wa Arizona, mwenye ngozi nyeupe, macho ya kijani na, katika filamu hiyo, nywele za rangi ya dhahabu.

Naandika juu ya Aloha kwa sababu sijaona mfano ulio wazi kuliko huu wa jambo ambalo watazamaji huliona upesi lakini hulieleza kwa shida: steringi aliyewekwa mahali pasipo pake. Mtu anatoka ukumbini akisema filamu haikumshika. Atalaumu hadithi, atalaumu muziki, atasema mwisho umechosha. Mara nyingi shida ilianza miezi mingi kabla kamera haijawashwa, siku ile jina la mwigizaji lilipoandikwa mbele ya jina la mhusika.

Mimi kazi yangu ni hiyo, kuchagua waigizaji. Nimeifanya kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, kwanza kwa michezo ya redio, baadaye kwa tamthilia za televisheni. Watu wakija kwenye usaili hujiandaa na kilio. Wanataka kukuonyesha msiba, talaka, laana ya mama mkwe. Mimi huwapa ukurasa mdogo, na ninaoupenda zaidi una maneno machache sana: mama anauliza, "Umekula?" na binti, aliyeshinda na njaa kwa sababu hela ya chakula ameilipia dawa ya mama huyo huyo, anajibu, "Nimekula." Basi. Kilio kila mtu anakiweza. Hilo "nimekula" wanaliweza wachache, kwa sababu haliigizwi kwa sauti. Linatoka mahali mtu alipokulia, jinsi alivyozoea kumficha mzazi jambo, jinsi anavyogeuka kuelekea jikoni ili asitazamwe usoni. Nimeona wasichana wazuri, wenye sauti ya kengele, wakalisema kama wanasoma tangazo. Na nimeona mmoja ambaye hakuwa amewahi kuigiza akalisema akiwa anafunga kanga upya, meza nzima ikanyamaza.

Vichekesho vya mapenzi ni sinema ya "nimekula" kuliko aina nyingine yoyote. Kwenye filamu ya kijasusi hujui nani atakufa, na shauku hiyo tu inakufikisha mwisho. Kwenye vichekesho vya mapenzi unajua kila kitu tangu bango la nje: hawa wawili watagombana, watatengana, watarudiana. Tangu It Happened One Night ya 1934, iliyobeba tuzo tano kubwa za Oscar, mpango ni huo huo. Kinachokubakisha kitini ni watu wenyewe: namna anavyochelewa kujibu, anavyosahau kikombe mkononi, anavyocheka kabla ya wakati. Steringi akikosewa hapo, hakuna gari la kulipua wala bomu la kutegua litakalomwokoa.

Sasa tuitazame filamu yenyewe, maana haikutengenezwa na watu wasiojua kazi. Mwandishi na mwongozaji ni Cameron Crowe, aliyeanza kuandikia jarida la Rolling Stone akiwa bado kijana wa umri wa shule. Ndiye aliyetupa Say Anything mwaka 1989 na Jerry Maguire mwaka 1996, na mswada wake wa Almost Famous, filamu ya 2000, ulimpatia Oscar. Kwenye Aloha alikusanya Bradley Cooper, Rachel McAdams, Bill Murray, John Krasinski, Alec Baldwin na Danny McBride. Hapakukosekana kipaji, wala mandhari, wala fedha.

Kisa chenyewe kinamhusu Brian Gilcrest, ambaye ni Cooper, mkandarasi wa kijeshi aliyechakaa, anayerudi Honolulu kumfanyia kazi bilionea Carson Welch. Kazi yake ni kupata baraka za wenyeji ili shughuli za kambi ya anga ya Hickam ziendelee bila kelele. Anamkuta Tracy, mpenzi wake wa zamani, aliyeolewa na rubani asiyependa kusema, akiwa na watoto wawili. Anapewa pia Kapteni Ng wa kumfuata kila aendako. Hapo kuna penzi la zamani, penzi jipya, na mtoto ambaye huenda baba yake si yule anayemwita baba. Ungefikiri yanatosha. Crowe akaongeza setilaiti ya siri iliyopakiwa silaha, ambayo shujaa anaiharibu kwa kuirushia sauti. Barua pepe za studio ya Sony zilipoibwa na kumwagwa hadharani mwishoni mwa 2014, dunia ilisoma jinsi mkuu wa studio, Amy Pascal, alivyolalamika kwamba kisa cha setilaiti hakieleweki. Alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe hadi leo siwezi kukueleza kwa nini Welch aliamini hatagundulika.

Lakini setilaiti ingesameheka. Nimeona filamu tamu zenye visa vya ovyo, na mtazamaji akiwapenda watu husamehe mengi. Kisichosameheka ni kwamba hadithi nzima ya Hawaii, yale maumivu ambayo filamu inajidai kuyaheshimu, iliwekwa begani kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwapo.

Fikiria anachotakiwa kubeba. Januari 1893 kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wakiungwa mkono na askari walioshuka kutoka manowari ya Marekani, lilimwondoa Malkia Lili'uokalani kwenye kiti chake. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani, na mwaka 1959 vikafanywa jimbo. Mwaka 1993, miaka mia moja baada ya mapinduzi yale, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi, Rais Clinton akalitia sahihi. Ardhi haikurudi. Jina Ng nalo lina safari yake. Ni jina la Wachina wa kusini, na Wachina walianza kupelekwa Hawaii kwa mikataba ya mashamba ya miwa katika miaka ya 1850. Wengi walikuwa wanaume peke yao, wakaoa wanawake wa Kihawaii, wakazaa ukoo mpya kabisa. Kapteni Ng ni mjukuu wa hayo yote, na juu yake amevaa sare ya jeshi lile lile la nchi iliyotwaa visiwa. Mhusika gani mzuri kuliko huyo! Mwanamke anayeenda kuwaomba watu wake mwenyewe baraka kwa niaba ya walioichukua nchi, na njiani anampenda mtu aliyetumwa kuwarubuni. Mwigizaji yeyote wa visiwani angelia kwa furaha kupewa mswada wenye mtu huyo.

Tazama tukio la Waimanalo. Gilcrest na Ng wanakwenda kumwona Dennis "Bumpy" Kanahele, na huyo si mwigizaji. Ni Kanahele mwenyewe, kiongozi wa harakati za uhuru wa Hawaii, ambaye mwaka 1993 na 1994 aliongoza watu kukalia ufuko wa Makapu'u hadi serikali ya jimbo ikawapatia ekari 45 za kuishi Waimanalo. Yuko pale kwake, na fulana yake kifuani inasema ni Mhawaii kwa kuzaliwa, mgongoni inasema ni Mmarekani kwa kulazimishwa. Anapozungumza hana haraka. Anamwangalia Cooper kama mtu aliyekwisha kuwaona wageni wa aina hiyo wengi. Kamera inamwelewa, kwa sababu hana cha kuigiza. Kisha inamrudia Stone, anayezungumza kwa kasi, mikono ikipaa, akitaja nguvu za roho na heshima ya wahenga, na hapo ndipo unapoona ufa. Kanahele anaishi yale ambayo Ng anayatangaza. Uhawaii wa Ng wote uko mdomoni. Hakuna shangazi anayemwita kwa jina la utotoni, hakuna binamu anayemcheka kwa sare yake, hakuna hata anapotoa viatu mlangoni bila kufikiri. Hakupewa "nimekula" hata moja.

Nasisitiza kwamba Emma Stone si mwigizaji dhaifu. Mwaka 2010 aliibeba Easy A karibu peke yake, na mwaka 2011 ndani ya Crazy, Stupid, Love alionyesha ana kipimo cha kichekesho ambacho hakifundishwi darasani. Mwaka mmoja tu baada ya Aloha alitokea kwenye La La Land, iliyompa Oscar. Ndiyo maana mfano huu una faida kwetu. Mwigizaji mbovu kwenye nafasi mbaya hatufundishi kitu. Hapa tunaye mwigizaji hodari aliyewekwa pasipo pake, na uhodari wake ukageuka kuwa mzigo: kadiri alivyojitahidi, ndivyo jitihada ilivyoonekana. Mtu aliye kwao hajitahidi kuwa wa kwao.

Lawama zilianza hata kabla filamu haijatoka. Shirika la MANAA, linalofuatilia jinsi Wamarekani wenye asili ya Asia wanavyoonyeshwa kwenye filamu na televisheni, lililalamika kwamba Hawaii ya Crowe ilikuwa imejaa wazungu, wakati kwenye Hawaii halisi wazungu ni wachache na karibu robo ya wakazi hujiandikisha kwenye sensa kuwa wana asili mbili au zaidi. Mwanzoni mwa Juni 2015 Crowe aliandika kuomba radhi kwa wote walioona uteuzi ule ni wa ajabu au umekosewa. Pamoja na radhi akatoa maelezo: tangu mwaka 2007 alimwandika Ng kama mwanamke anayejivunia damu yake ya Kihawaii na kuumia kwamba sura yake haionyeshi, na alimchora kutokana na mwenyeji mmoja wa kweli, mwenye nywele nyekundu.

Utetezi huo unastahili kujibiwa, si kupuuzwa. Ni kweli damu haina rangi moja. Katika visiwa vile vile, mwaka 1961, mjini Honolulu, alizaliwa mtoto wa kijana Mluo aliyetoka Kenya na msichana mzungu waliokutana chuoni, na mtoto huyo akaja kuwa Rais wa Marekani. Barack Obama ameandika kurasa nyingi juu ya kukulia Hawaii akiwa na sura isiyofanana na ya babu na bibi waliomlea. Jambo la namna hiyo ni chakula kizima kwa mwandishi. Kama Crowe alitaka kutuonyesha mwanamke ambaye ndugu zake wanamtilia shaka, ambaye kila akiingia mahali lazima aanze upya kujieleza, basi hilo ndilo lingekuwa filamu. Tungemwona sokoni akihudumiwa kama mtalii. Tungemwona mbele ya mtu kama Kanahele akitafuta neno la kusema. Filamu haikai na jambo hilo hata kwa dakika tano. Inalitaja, inaendelea na setilaiti. Ukiandika jeraha kwenye daftari lako na kulificha lisionekane kwenye picha, usitegemee mtazamaji alisome kichwani mwako.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo yale hayaligusi, nalo ni zamu. Hollywood imekuwa ikiruka zamu za watu kwa karibu karne moja. Mwaka 1937, katika The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, Luise Rainer, mzungu, alipakwa rangi akaigiza mke wa Kichina na akapewa Oscar. Anna May Wong, nyota wa asili ya Kichina aliyezaliwa Los Angeles na aliyeitamani nafasi hiyo kuliko kitu chochote, aliachwa nje. Mwaka 1956 John Wayne akawa Genghis Khan. Mwaka 1961 Mickey Rooney akavalishwa meno bandia kuwa Mjapani kwenye Breakfast at Tiffany's. Basi mwaka 2015 ilipoandikwa nafasi kubwa ya mwanamke mwenye damu ya Kichina na Kihawaii, ndani ya kichekesho cha mapenzi cha studio kubwa, ilikuwa nafasi ambayo wasichana wa Honolulu hawakuwahi kuiona ikipita karibu yao. Ikapita tena.

Stone mwenyewe alisema baadaye kwamba sakata lile lilimfundisha mengi juu ya historia hiyo. Januari 2019, Sandra Oh alipokuwa akiongoza sherehe za tuzo za Golden Globe aliitaja Aloha kwa mzaha, na kutoka kwenye viti Stone akapaza sauti kuomba radhi. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini ningependa waliokuwa na kalamu ya kusaini mikataba ndio wapaze sauti, kwa sababu mwigizaji huitwa, hajiiti.

Wenye fedha hujitetea kwamba sura isiyojulikana haiuzi. Aloha iligharimu takriban dola milioni 37 na ikakusanya kama milioni 26 dunia nzima, na nyota wote wale. Miaka mitatu baadaye Crazy Rich Asians, kichekesho cha mapenzi cha Jon M. Chu kinachotokea Singapore, kiligharimu milioni 30 na kukusanya zaidi ya milioni 230. Mwandishi wa kitabu chake, Kevin Kwan, amesimulia kwamba mtayarishaji mmoja alimtaka ambadilishe Rachel, mhusika mkuu, awe mzungu, naye akakataa. Itazame meza ya mahjong, Rachel na mama wa mchumba wake wakicheza bila kupandishiana sauti. Kigae kimoja kinasogezwa, na mwanamke mmoja anajua ameshindwa na aliyemdharau. Constance Wu na Michelle Yeoh hawaelezi lolote juu ya Uchina wao. Na wapo waliosema Henry Golding, ambaye mama yake ni Mwiban wa Sarawak na baba Mwingereza, hakuwa Mchina wa kutosha kwa nafasi ya Nick, mchumba huyo wa Rachel. Mimi nadhani alifaa, kwa sababu alishaishi na kufanya kazi upande ule wa dunia na aliingia kwenye nyumba ile ya kitajiri kama aliyekwisha kula humo. Sichagui kwa kupima damu kwenye chupa. Nachagua kwa kuangalia kama mtu yuko kwao.

Lakini mfano wangu mkubwa ni wa zamani zaidi, na unatuhusu. Mississippi Masala ya Mira Nair, filamu ya 1991, inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin akiwafukuza Waasia. Jay, wakili aliyezaliwa Uganda, anaambiwa na rafiki yake Okelo kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi, na familia inaishia kwenye moteli za Mississippi, ambako binti yao Mina anampenda Demetrius, Mmarekani mweusi msafisha mazulia. Demetrius ni Denzel Washington. Mina ni Sarita Choudhury, ambaye hakuna aliyekuwa akimjua. Ilikuwa filamu yake ya kwanza. Nair amesimulia jinsi alivyotakiwa na wenye fedha aweke mzungu kuwa mhusika mkuu, akagoma. Tazama Mina anavyozungumza na baba yake, nusu mtoto, nusu mtu mzima aliyechoka kusikia habari za nyumba ya Kampala. Tazama wawili hao wakiongea kwenye simu usiku, kila mmoja kitandani kwake. Hakuna anayetangaza asili yake, nawe unaijua yote. Filamu inachekesha, kisha inakuumiza palepale ulipokuwa unacheka.

Aloha nayo ina dakika chache za namna hiyo, na sitaki kuzinyima haki yake. Karibu na mwisho Gilcrest anasimama nje ya dirisha la darasa la hula, ndani Grace, binti wa Tracy, anacheza. Wanatazamana. Bila neno hata moja binti anaelewa kwamba huyu ndiye baba yake, uso wake unabadilika, machozi na tabasamu vinakuja pamoja, naye anaendelea kucheza. Danielle Rose Russell alikuwa msichana mdogo tu wakati huo, na ndiye aliyeigiza vizuri kuliko watu wazima wote mle. Crowe anajua kazi. Alimpa binti huyo jambo la kuhisi badala ya jambo la kusema, na akamweka mtu sahihi dirishani.

Hukumu yangu kwa Aloha ni kwamba ilianguka siku ya uteuzi, na hakuna uhariri ambao ungeiinua. Kwa wenzangu wa kazi hii, wa huku na wa huko, ombi langu ni moja: mhusika akiwa wa Waimanalo, usaili wa kwanza ufanyike Waimanalo, akiwa wa Pangani, tupande gari twende Pangani kabla hatujampigia simu staa yeyote. Na wewe msomaji, ukiwa na jioni moja tu ya filamu ya mapenzi, iache Aloha. Tafuta Mississippi Masala. Mwaka 2022 ilitolewa upya ikiwa imesafishwa, na Kampala inaonekana vizuri kuliko ilivyowahi kuonekana.